Usimtenge mwanao na kemia anapoanza baiolojia

WIKI hii nataka tuzungumzie jambo ambalo huenda ukadhani ni la walimu peke yao. Sivyo. Jambo lenyewe linahusu sufuria yako, jiko lako, maji unayompa mtoto anapoharisha, na pia mustakabali wa mwanao shuleni.

Juzi nilimtembelea dada yangu anayeishi Shieywe, mjini Kakamega. Ilikuwa alasiri na mvua, kama ilivyo ada ya mji huo, ilikuwa ikipiga mabati kwa vishindo. Mpwa wangu, ambaye yumo Gredi ya 10, alikuwa ameinamia daftari akikariri kwa sauti kama mtoto wa chekechea anayejifunza kuhesabu: protoni, neutroni, elektroni, protoni, neutroni, elektroni.

Nilipomuuliza anakariri nini, alilifunga daftari kwa hasira.

"Mjomba, mimi nataka baiolojia tu. Nataka kuwa muuguzi. Sasa hii kemia ni ya nini? Muuguzi hutibu watu, hatibu atomi."

Mamake, aliyekuwa akitayarisha kunde jikoni, alimuunga mkono. Akaniuliza kama kuna njia ya kuzungumza na walimu ili binti abaki na baiolojia na kuachana na kemia, maana inampa maumivu ya kichwa.

Najua dada yangu si mzazi wa pekee mwenye swali hilo. Chini ya mtaala mpya wa umilisi, mwanafunzi anayeingia sekondari pevu huchagua mkondo na masomo matatu ya kuutilia mkazo. Wengi huvutiwa na baiolojia kwa kuwa inazungumzia mimea, wanyama na magonjwa, mambo yanayoonekana kwa macho. Kemia huonekana kama somo la wachawi wenye chupa.

Maoni yangu ni kwamba kumfundisha mtoto baiolojia bila misingi ya kemia ni sawa na kumfundisha mtu kusoma bila kumwonyesha herufi. Atakariri, naam. Pengine hata atapita mtihani wa muhula. Lakini hataelewa, na asiyeelewa mwili unavyofanya kazi hawezi kuulinda, uwe wake au wa mgonjwa.

Nilimwambia mpwa wangu aache daftari mezani, twende jikoni kwa mamake. Nawe msomaji, tuandamane.

HERUFI ZA MWILI

Kwanza tuziweke wazi hizo herufi. Kila kitu unachokishika kimejengwa kwa elementi, yaani vitu vya asili visivyoweza kugawanywa kuwa vitu vingine kwa njia za kawaida za kemia. Kaboni ni elementi. Chuma ni elementi. Dhahabu ni elementi. Chembe ndogo kabisa ya elementi ambayo bado ina tabia ya elementi hiyo ndiyo huitwa atomi.

Mwili wa binadamu, uwe wa tajiri au wa maskini, kwa uzani ni oksijeni kiasi cha asilimia 65, kaboni asilimia 18, haidrojeni asilimia 10 na naitrojeni asilimia 3. Elementi hizo nne peke yake ni karibu asilimia 96 ya uzani wako. Zinazobaki ni kalsiamu na fosforasi zilizomo mifupani, pamoja na potasiamu, sodiamu, chuma, iodini na nyinginezo kwa viwango vidogo.

Atomi zikiungana huunda molekuli. Atomi mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni ni maji. Elementi mbalimbali zikiungana, kitu kipya kinachozaliwa huitwa kampaundi, na tabia zake haziwi tena zile za wazazi wake.

Hapo ndipo wengi hukosea. Chukua chumvi ya mezani. Imetokana na sodiamu, metali ambayo ukiitumbukiza majini hulipuka na kuwaka, na klorini, gesi ya sumu ambayo mwaka wa 1915 ilitumiwa kuua askari vitani karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji. Lakini sodiamu ikimpa klorini elektroni yake moja, zote mbili hugeuka kuwa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, na kampaundi inayopatikana ni chumvi unayotia kwenye mayai.

Ioni hizo si mapambo ya daftari. Mishipa yako ya fahamu hupitisha habari kwa kuzungusha ioni za sodiamu na potasiamu. Moyo wako hupiga kwa msaada wa ioni hizo na za kalsiamu. Kwa hivyo muuguzi, hata akikana, hutibu atomi kila siku.

KWENYE SUFURIA YA KUNDE

Dada yangu hupika kunde kwa musherekha, kama mama zetu walivyofanya. Kwa wasioijua, hayo ni maji ya majivu. Maganda ya maharagwe au ya ndizi yaliyokauka huchomwa, majivu yakatiwa kwenye chombo chenye matundu, kisha maji yakamiminwa juu taratibu. Yanayodondoka chini ndiyo huwekwa kwenye mboga ili zilainike na uchungu upungue.

Nilimuuliza mpwa wangu: hayo ni tindikali au ni alkali? Hakujua. Na kumbe ukurasa aliokuwa akiukariri ulikuwa na jibu.

Majivu ya mimea yana potasiamu nyingi, hasa katika umbo la potasiamu kaboneti, ambayo ni alkali. Magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi ni ndugu yake, ila badala ya potasiamu yana sodiamu. Wataalamu hupima tindikali na alkali kwa kipimo kiitwacho pH, kuanzia 0 hadi 14. Maji safi yako katikati kwenye 7. Chini ya hapo ni tindikali, juu ya hapo ni alkali, na kila hatua moja ni mara kumi ya ile inayofuatana nayo.

Tumboni mwako mna tindikali kali ya pH kati ya 1.5 na 3.5 hivi, inayoanza kusaga protini na kuua vijidudu vingi. Damu yako nayo lazima ikae kati ya 7.35 na 7.45. Ikitoka nje ya ukuta huo mwembamba, mwili huanza kuyumba. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imejaa tindikali huhema kwa nguvu. Mapafu yake yanajitahidi kuitoa tindikali hiyo kwa njia ya kaboni daioksaidi.

Faida ya kulijua hilo jikoni ni nini? Ni kwamba alkali hulainisha mboga, lakini pia huharibu baadhi ya vitamini, hasa vitamini C na vitamini B1. Basi usiache mapishi ya mama yako, ila tia musherekha au magadi kidogo tu na usipike kunde hadi ziwe uji. Isitoshe, mwenye ugonjwa wa figo azungumze na daktari wake kwanza. Figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu, na potasiamu ikizidi katika damu inaweza kusimamisha moyo.

Hayo yote yamo katika sufuria moja. Mwanafunzi aliyekariri tu neno alkali hangeweza kumshauri mamake hata kidogo.

ATOMI MOJA NA JIKO LA MAKAA

Mvua ya Kakamega ikinyesha, baridi huingia, na watu wengi huingiza jiko la makaa ndani na kufunga madirisha. Hapa nawasihi wasomaji wote, wa Kakamega, Nairobi, Eldoret au Limuru: msifanye hivyo.

Makaa ni kaboni. Yakipata hewa ya kutosha, kila atomi ya kaboni huungana na atomi mbili za oksijeni, na hiyo ni kaboni daioksaidi, gesi ileile tunayoitoa tunapopumua. Hewa ikipungua, kaboni hukosa oksijeni ya kutosha ikashika atomi moja tu. Hiyo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikereketi koo. Haikupi onyo lolote.

Ndani ya damu mna hemoglobini, protini yenye atomi nne za chuma, na kazi yake ni kubeba oksijeni. Kaboni monoksaidi huning'inia kwenye chuma hicho kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inakalia kiti na hainyanyuki. Mtu huanza kuumwa kichwa, akasikia kichefuchefu na usingizi, akalala, asiamke tena. Majirani husema amerogwa au amewekewa sumu kwenye chakula.

Tofauti kati ya gesi ya kawaida na gesi ya kifo ni atomi moja. Mtoto aliyefahamu hilo hatakubali jiko lilale chumbani.

Vivyo hivyo katika pombe. Ethanoli, kileo cha kawaida, ina atomi mbili za kaboni. Methanoli, inayotumika viwandani, ina moja. Ukiziangalia huwezi kuzitofautisha. Lakini ini likiivunja methanoli, mwishowe hutokea tindikali iitwayo asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa macho. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mnamo Mei 2014 mkasa wa namna hiyo ukatokea tena katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu, na baadhi ya walionusurika wakapofuka. Kila mara tulilia, tukazika, tukasahau.

SUKARI HUFANYA NINI KATIKA MAJI YA CHUMVI?

Mpwa wangu alikuwa amefundishwa kwamba mtoto anayeharisha apewe maji yenye chumvi na sukari. Nilimuuliza: chumvi twaelewa, anaipoteza. Sukari ni ya nini? Ni ya kuongeza utamu?

La hasha. Ukuta wa utumbo una vilango vya protini ambavyo hupitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, kama mtu na mwenzake walioshikana mikono mlangoni. Jambo hilo lilielezwa na mwanasayansi Robert Crane mwaka wa 1960. Sodiamu na glukosi zikiingia, maji nayo hufuata. Hata utumbo unaposhambuliwa na kipindupindu, vilango hivyo huendelea kufanya kazi.

Mnamo 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikabiliwa na kipindupindu katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India. Maji ya kutundika mshipani yalikuwa yakimwishia. Akaamua kuwapa wagonjwa maji ya kunywa yenye chumvi na glukosi. Vifo vilishuka kutoka kiasi cha asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Hakuvumbua mashine yoyote. Alitumia kemia ya utumbo.

Leo pakiti za ORS hupatikana katika vituo vya afya na maduka ya dawa. Soma maandishi ya pakiti yenyewe kabla ya kuikoroga, kwa kuwa nyingine ni za nusu lita na nyingine ni za lita nzima. Ukikosa pakiti kabisa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe. Chumvi ikizidi huvuta maji kutoka kwenye seli za mtoto badala ya kuyarudisha, na sukari ikizidi huongeza kuharisha. Na mtoto akilegea, akakosa machozi au akashindwa kunywa, usikae nyumbani ukikoroga. Mkimbize hospitalini.

DHAHABU NA ZEBAKI

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza zaidi kuhusu Kakamega. Mnamo 1931 Mmarekani L. A. Johnson aligundua dhahabu katika eneo hilo, na watu wakamiminika. Mgodi wa Rosterman, karibu na mji, ulifanya kazi hadi 1952. Kampuni ziliondoka, lakini uchimbaji wa mkono haukuisha. Mpaka leo wapo wanaume kwa wanawake wanaosaga mawe na kuosha mchanga ili wapate karo na unga.

Wengi hutumia zebaki. Zebaki hushikana na vumbi la dhahabu ikawa donge. Kisha donge huchomwa, zebaki ikapaa kama mvuke, dhahabu ikabaki. Wapo wanaoichanganya kwa mikono mitupu na kuichoma kwenye jiko la nyumbani, watoto wakiwa karibu.

Ukimwambia mchimbaji kwamba zebaki ni hatari, huenda akakujibu kwamba anamjua mtu aliyeimeza na hakufa. Huenda anasema kweli! Zebaki ya maji ikimezwa, ni sehemu ndogo sana inayoingia kwenye damu. Lakini mvuke wake ukivutwa, karibu asilimia 80 hubaki mwilini, ukapenya hadi kwenye ubongo. Nayo zebaki iliyotupwa mtoni ikikutana na bakteria wa matopeni hugeuzwa kuwa kampaundi ya zebaki na kaboni iitwayo methili zebaki. Hiyo huingia katika samaki, na mtu akimla samaki huyo, karibu yote huingia mwilini mwake. Kwa mama mjamzito, hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Wajapani walijifunza hilo kwa uchungu katika mji wa Minamata, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka wa 1956 baada ya kiwanda kumwaga uchafu baharini. Sisi nasi tuna mito. Isiukhu huingia Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Victoria, ambako samaki wa mezani petu hutoka.

Elementi ni moja, sura ni tatu, na hatari tatu tofauti. Ni somo gani la baiolojia litakaloeleza hilo bila kemia? Kampeni za kusema tu "zebaki ni mbaya" hazitamshawishi mtu mwenye njaa na mwenye ushahidi wa macho yake. Anahitaji kuelezwa kwa nini mvuke ni adui kuliko lile tone linalong'aa. Na kama bado hajaiacha, angalau asiichome ndani ya nyumba wala mbele ya watoto na wajawazito.

TUFANYE NINI?

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kemia ni ngumu, na kwamba mtoto asilazimishwe. Nakubali kwamba hailazimu kila mtoto awe mwanakemia. Lakini ninachodai si milinganyo mirefu. Ninadai misingi michache: elementi na kampaundi, atomi na ioni, maji, tindikali na alkali, na namna kaboni inavyojenga sukari, mafuta na protini. Mtoto anayeingia kwenye baiolojia akiwa na hayo ataona sura zote zinazofuata zikifunguka.

Watasema pia kwamba shule nyingi hazina maabara. Hilo ni kweli, na serikali isiachwe ipumzike mpaka zipatikane. Lakini majivu hayahitaji maabara. Maua mengi mekundu au ya zambarau yakichemshwa, maji yake hubadilika rangi ukiyatia ndimu au magadi. Tone la iodini kwenye ugali huonyesha wanga kwa kugeuka rangi ya buluu iliyokoza. Mwalimu aliye na nia anaweza kufundisha sura nzima kwa vitu vya shilingi mia mbili.

Nanyi wazazi, mwana akilalamika kuhusu kemia, msikimbilie kumtafutia njia ya kutorokea. Muulizeni amefundishwaje. Mara nyingi kinachomchosha si somo, bali ni kukariri maneno ambayo hakuna aliyemwonyesha yanaishi wapi.

Kunde zilipoiva tulikula sote. Mpwa wangu alikuwa kimya kwa muda, kisha akamuuliza mamake swali ambalo halikuwa daftarini: kama majivu ya maharagwe yana potasiamu, potasiamu hiyo maharagwe yaliitoa wapi? Mamake akaniangalia, nami nikanyamaza makusudi ili binti ajijibu. Alitazama nje, kwenye shamba dogo lililoloa, akasema, "Kwenye udongo."

Hajaniahidi kwamba ataipenda kemia. Lakini jiko la makaa lilitolewa nje usiku ule, na ni yeye aliyelitoa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayetaka kuwa muuguzi hana budi kuinama mpaka kwenye atomi.